Maneno Kwenye Ngumi

Mkono ukikunjwa ngumi, vifundo vinne vya vidole hujitokeza, dole gumba likiachwa kando. Ngumi mbili zikiwekwa sambamba zina nafasi ya herufi nane, na aliyesimama mbele huanza kusoma mkono wa kulia wa mwenye ngumi. Ndiyo maana tatuu za vifundoni mara nyingi huwa maneno mawili mafupi, herufi nne kila mkono.

Mabaharia wa zamani wa meli za tanga walichora HOLD FAST, yaani shika imara, wakiamini kuwa maneno hayo yatawakinga wasiponyokwe na kamba wakiwa juu ya mlingoti bahari ikichafuka. Magerezani Uingereza zilienea herufi ACAB, kifupisho cha tusi kwa polisi.

Umaarufu mkubwa ulitokana na sinema. Mwaka 1955 Charles Laughton aliongoza *The Night of the Hunter*, iliyotokana na riwaya ya Davis Grubb. Robert Mitchum anaigiza Harry Powell, mhubiri wa uongo anayeoa wajane na kuwaua apate fedha zao. Mkono wake wa kulia umechorwa LOVE, yaani upendo. Wa kushoto HATE, chuki. Akimwona mtoto anavikodolea macho vidole vyake, anaipachanisha mikono na kuishindanisha mieleka huku akihubiri, mpaka upendo unashinda. Watu wazima waliomzunguka wanavutiwa, mtoto hadanganyiki. Nguvu ya onyesho hilo iko hapo: mahubiri ni mazuri, ila mikono yote miwili ni ya muuaji mmoja. Filamu haikufanikiwa sokoni na Laughton hakuongoza nyingine, lakini leo inahesabiwa miongoni mwa kazi bora za Marekani.

Spike Lee aliirudia hadithi hiyo mwaka 1989 katika *Do the Right Thing*, inayotokea Brooklyn siku ya joto kali. Radio Raheem, aliyeigizwa na Bill Nunn, havai tatuu bali pete pana zenye maneno yaleyale, na anaisimulia vita ya mikono miwili kama bondia ulingoni. Baadaye polisi wanamkaba mpaka anakufa, na ushindi wa upendo aliousimulia unabaki kumuuma mtazamaji. Katuni ya *The Simpsons* nayo ililazimika kufupisha maneno hayo kuwa herufi tatu tatu, kwa kuwa wahusika wake wana vidole vitatu na gumba.

Nje ya sinema, tatuu hii ina taabu zake. Ngozi ya vidole ni nyembamba na mfupa uko karibu, hivyo sindano huuma sana. Mikono huoshwa, husuguliwa na kupigwa jua kila siku, basi wino hufifia mapema na huhitaji kurudiwa. Tena haifichiki kwa shati wala koti, na waajiri wengine huikataa. Kwa sababu hiyo wachoraji wengi makini humkatalia kijana asiye na tatuu nyingine anayetaka kuanzia vidoleni.