Hita ya gari ikipuliza baridi, chunguza maji ya injini kwanza

Na Mwandishi Wetu

MKAZI wa Dar es Salaam anaweza kumiliki gari kwa miaka 10 bila kukigusa hata mara moja kitufe chenye alama nyekundu kilicho karibu na redio. Anachokijua yeye ni kiyoyozi, na hita kwake ni pambo lililokuja na gari kutoka Japani.

Kitufe hicho hukumbukwa siku ya safari. Gari likishapanda Kitonga, likaziacha Iringa na Mafinga na kukata kushoto Makambako kuelekea Njombe usiku wa Julai, ndipo dereva anapokizungusha hadi mwisho na kukuta hewa inayotoka ni ya baridi ileile ya nje.

Hali hiyo ilimkuta mwandishi wa makala haya. Kioo cha mbele kilijaa ukungu kwa ndani kutokana na pumzi za abiria wanne, taa za malori yaliyokuwa yakija zikawa kama mianga mikubwa isiyo na umbo, na mwendo ukashuka hadi kilometa 30 kwa saa. Abiria wa mbele aligeuka utingo wa kufuta kioo kwa kanga hadi tulipoingia mjini.

Asubuhi yake fundi alihitaji dakika chache tu kutambua kuwa injini haikuwa na themostati. Ilikuwa imeondolewa katika gereji moja jijini Dar es Salaam miaka kadhaa iliyopita, kwa nia njema ya kuizuia injini isichemke.

Ili kuelewa uhusiano wa mambo hayo mawili, ni vyema kufahamu kwamba katika magari mengi ya petroli na dizeli hita haina moto wake yenyewe. Inatumia joto ambalo injini ingelitupa. Maji yanayopooza injini hugawanywa, na sehemu yake hupita kwenye mipira miwili hadi katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo, nayo hewa hutoka ikiwa na joto.

Kwa hiyo, hewa ikiwa baridi, ama maji hayapati joto, ama hayafiki kwenye rejeta hiyo ndogo, ama yanafika lakini hewa haipitishwi hapo.

Jambo la kwanza kuangaliwa ni kiasi cha maji, tena injini ikiwa imepoa kabisa. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yapo kwenye shinikizo na yanaweza kuwa yamepita nyuzi joto 100 bila kuchemka. Mfuniko ukilegezwa hulipuka kama mvuke na kumbabua mtu uso na mikono.

Maji yakipungua, hita ndiyo huathirika mapema, kwa kuwa katika magari mengi rejeta yake imekaa juu na hewa hujikusanya huko. Dalili yake ni hita kutoa joto gari likiwa kwenye mwendo na kupoa pale linaposimama kwenye foleni.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo madereva wengi hawalifahamu. Kifaa kinachopeleka taarifa kwenye geji ya joto kinatakiwa kizungukwe na maji. Maji yakikauka mahali kilipo, geji inaweza kuonyesha hali ya kawaida ilhali injini inaungua. Hita iliyopoa ghafla safarini, ambayo muda mfupi kabla ilikuwa ikitoa joto, ni sababu tosha ya kuegesha gari na kuzima injini, hata kama mshale wa geji umetulia.

Maji hayapungui bila sababu. Huenda mpira umepasuka, pampu ya maji inavuja, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Gasketi ikiungua, mapovu hutoka mfululizo kwenye rejeta wakati injini inanguruma, moshi mweupe hutoka kwenye ekzosi hata injini ikiwa imepata moto, na oili inaweza kugeuka rangi ikafanana na chai ya maziwa. Gari la namna hiyo lisiendelee na safari.

Kama maji yamejaa, hatua inayofuata ni kuwasha injini kwa dakika 10 hadi 15, kuweka hita kwenye joto la mwisho, kisha kugusa kwa uangalifu ile mipira miwili inayoingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Nguo na mikono viwekwe mbali na feni na mikanda.

Mipira yote miwili ikiwa ya moto na hewa bado ni baridi, tatizo lipo ndani ya dashibodi. Kuna kilango kidogo kinachochagua hewa ipite kwenye rejeta ya hita au iipite kando. Kwenye magari ya zamani kilango hicho huvutwa kwa waya, ambao hukatika au kuchomoka. Kwenye mengine huzungushwa na mota ndogo ya umeme.

Mpira mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, maji hayapiti. Baadhi ya magari yana koki kwenye mpira mmojawapo, nayo ikikaa miaka mingi bila kutumika hukwama. La sivyo, rejeta ndogo imeziba kwa kutu, na hapo wengi wetu tunavuna tulichopanda kwa kujaza maji ya bomba badala ya kulenti. Fundi anaweza kuchomoa mipira yote miwili na kupitisha maji yenye msukumo mdogo kinyume na mkondo wa kawaida hadi yatoke safi.

Wapo pia mafundi ambao rejeta hiyo ikivuja huunganisha mipira miwili kwa kibomba kifupi na kuiacha hita bila maji kabisa, kwa sababu kuitoa kunalazimu kufungua karibu dashibodi nzima. Mwenye gari asipoelezwa, anaweza kuhangaika kwa muda mrefu. Hita inayovuja hujulikana kwa harufu tamu ndani ya gari, zulia lililolowa miguuni na utando wa mafuta kwenye kioo. Harufu hiyo isiwadanganye watoto: kulenti nyingi zina sumu.

Mipira yote miwili ikiwa vuguvugu, mtuhumiwa mkuu ni themostati. Kifaa hiki huyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa hadi yafikie joto lililopangwa, ambalo kwa magari mengi ni kati ya nyuzi 80 na 90. Kikikwama wazi au kikiondolewa, maji hupoozwa muda wote, na kwenye baridi ya Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, injini haipati joto lake.

Desturi ya kuiondoa inatetewa kwa hoja ya joto la Dar es Salaam na foleni zake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huko ni kuficha ugonjwa. Injini nzima yenye feni inayozunguka na rejeta safi haichemki kwa kuwa na themostati. Isipokuwa nayo, kompyuta ya gari huamini kuwa injini bado ni baridi na huongeza mafuta, huku baadhi ya gia za otomatiki zikichelewa kuingia gia ya juu.

Baada ya matengenezo yoyote ya mfumo huu, hewa lazima itolewe. Gari huegeshwa pua ikitazama mlimani, hita ikiwa kwenye joto la mwisho. Mfuniko hufunguliwa injini ikiwa baridi, injini huwashwa, na kulenti huongezwa taratibu hadi mapovu yakome. Wengi huiruka kazi hii, kisha hulaumu kifaa kipya.

Kwa aliyekwama njiani kioo kikiwa na ukungu, kipo cha kufanya hata bila hita. Awashe kiyoyozi, kwani hukausha hewa, aielekeze kwenye kioo na kuacha kuzungusha hewa ya ndani ya gari.

Wanaokwenda Gerezani, Kariakoo, kununua themostati wanaweza kuipima nyumbani kabla ya kumpelekea fundi. Kiwango cha joto huwa kimechongwa juu yake. Itumbukizwe kwenye sufuria ya maji jikoni; ikiwa imeandikwa 82, inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka, na kujifunga tena yanapopoa. Isiyotikisika hadi maji yanatokota irudishwe dukani pamoja na risiti.