Makelele Yapandayo Juu ya Waya wa Antena

Pengine mmepata kuketi jioni mbele ya redio, huko vilimani Tarime au katika tambarare za Serengeti, mkitega sikio kwa sauti dhaifu itokayo mbali, na badala yake mkasikia mvumo kama wa nyuki mzingani. Wengi huilaumu redio. Lakini mara nyingi mkosaji ni waya ushukao kutoka antena hata nyumbani.

Waya utumiwao sana na watu wa redio ya ridhaa ni kebo ya koaksi. Katikati mna uzi wa shaba, kisha kitu kisichopitisha umeme, na juu yake ala ya nyuzi za shaba zilizosukwa. Oliver Heaviside wa Uingereza aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1880. Sasa angalieni jambo la ajabu kidogo. Umeme wa mawimbi ya redio haupenyi sana katika shaba, bali hupita juujuu. Kwa hiyo ala ile moja ina njia mbili. Upande wa ndani hupita sauti ya antena. Upande wa nje hupita cho chote kilichookotwa njiani: taka za taa za LED, za chaja ya simu, na za kidhibiti chaji cha sola, ambacho hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Taka hizo hupanda hata pale kebo inapofungwa kwa antena. Hapo njia mbili hukutana, nazo huvuka zikashuka ndani pamoja na sauti mliyoitaka.

Kabla ya kununua kitu, mchana jua likiwaka, funikeni paneli ya sola kwa blanketi zito. Mvumo ukikoma, mmemkamata mwizi.

Dawa ni kuifunga njia ya nje pasipo kuigusa ya ndani. Pete ya feriti, kauri nyeusi yenye chuma iliyobuniwa Tokyo mwaka 1930 na Yogoro Kato na Takeshi Takei, hufanya kazi hiyo. Pitisheni kebo ndani ya pete mara 8 hivi, karibu na antena. Na pete ya pili iwekeni pale kebo iingiapo nyumbani. Mizunguko ikizidishwa mara mbili, kizuizi huwa karibu mara nne. Kuviringisha kebo bila pete husaidia mawimbi machache tu. Mimi sipendi kuitegemea njia hiyo.

Mwenye leseni ya TCRA, ambaye jina lake la hewani huanza na 5H, ana sababu nyingine: arushapo mawimbi, umeme hurudi juu ya ala ile ile, na pengine humchoma midomo kwenye kipaza sauti.

Pete haizuii makelele ambayo antena yenyewe huyapokea hewani. Hapo hamna budi kuihamisha mbali na nyumba. Wala haizuii radi. Mawingu ya mvua yakianza kujikusanya upande wa ziwa, chomoeni kebo.