Mwezi ni mmoja, kwa nini Idd ziwe mbili?

Katika maduka ya jumla ya Sanyuanli, wilaya ya Baiyun mjini Guangzhou, kalenda ya ukutani huwa na tarehe mbili kwa kila siku. Ile kubwa ni hii tunayoitumia sote. Ndogo iliyo chini yake, kwa maandishi ya Kichina, ni tarehe ya mwezi. Ramadhani inapokaribia kwisha, Waislamu wa Afrika Mashariki wanaofuata mabegi na viatu huko hupata la kubishania. Kalenda ya Mchina inasema leo mwezi mosi, huku nyumbani wakipiga simu kusema mwezi haujaandama. Nani mkweli?

Wote wawili. Mchina anahesabu tangu mwezi unapopita kati ya dunia na jua. Saa hiyo upande unaomulikwa umeelekea kwenye jua, sisi tumebakiwa na upande wa giza, na hakuna cha kuonekana. Siku yenye tukio hilo, kwa saa za Beijing, ndiyo tarehe mosi yake. Mwislamu anasubiri hilali ionekane baada ya jua kutua. Mmoja anapiga hesabu, mwingine anatazama.

Hapa inafaa kusahihisha kosa ambalo hata waliosoma hulifanya. Mwezi haupungui kwa sababu ya kivuli cha dunia. Kivuli hicho huleta kupatwa kwa mwezi tu, tena ukiwa mpevu. Siku nyingine zote nusu yake inamulikwa na jua. Kinachobadilika ni sehemu ya nusu hiyo tunayoiona kadiri mwezi unavyotuzunguka, mzunguko unaorudi mwanzo kwa wastani wa siku 29 na nusu. Wavuvi wetu wanaujua mzunguko huo kwa maji: bamvua huja mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, maji mafu ukiwa nusu.

Chukua mwaka 2024. Mwezi ulipita kati ya dunia na jua usiku wa Aprili 8, saa tatu na dakika 21 kwa saa za Dar es Salaam. Safari hiyo watu waliliona jambo lenyewe, kwani jua lilipatwa kabisa huko Mexico, Marekani na Kanada. Guangzhou ilikuwa imeshaingia Aprili 9, saa nane na dakika 21 usiku, na kalenda ya ukutani ikaandika mwezi mosi.

Jioni ya siku hiyo jua lilipotua Baiyun, mwezi ulikuwa na umri wa saa 16 hivi. Lilipotua Dar es Salaam, umri ulifika saa 21. Tofauti ya saa tano si ndogo, maana kila saa mwezi husogea mbali na jua kiasi cha upana wake wenyewe. Chini ya saa 15 ni nadra mno kuuona kwa macho matupu. Kwa hiyo Dar es Salaam ilikuwa na nafasi nzuri, Baiyun ilikuwa ukingoni, tena kwenye taa na ukungu wa jiji kubwa. Tanzania na Kenya ziliswali Idd Jumatano, Aprili 10.

Aliye Guangzhou afuate mwandamo wa nyumbani au wa alipo? Hilo ni la masheikh, na wametofautiana tangu zamani. Lakini si haki ndugu wawili kuitana wapotofu kwenye simu, mmoja anakula na mwingine amefunga, kwa jambo ambalo dunia kuwa duara inatosha kulieleza. Nitakuwa mkali kwa mtu mmoja tu: shahidi anayeapa kauona mwezi mchanga kabla haujapita kati ya dunia na jua. Huyo kaona kitu kingine.

Kwa aliyeko Baiyun, tarehe ile ndogo inasaidia. Ikiwa mosi, usiharakishe kutangaza. Mwaka mpya wa Kichina wa Januari 29, 2025 mwezi ulipita kati ya dunia na jua saa mbili na dakika 36 usiku, jua likiwa limeshatua. Jioni hiyo hapakuwa na hilali ya kutafutwa. Ikiwa pili, panda juu ya jengo magharibi inapoingia, utazame pale jua lilipozama. Mawingu yakikuachia, kwa kawaida utauona.