Viungo vya Pilau na Kijiko cha Chumvi

Mkazi wa Mikocheni, Dar es Salaam, anapopimwa shinikizo la damu na kuambiwa kwamba limepanda, wasia wa kwanza wa tabibu aghalabu huwa ni kupunguza chumvi; naye hurudi nyumbani na azma njema, akala wali mweupe na samaki wa kuchemsha kwa siku chache, kisha ulimi ukamshinda, na kikopo cha chumvi kikarudi mezani. Simlaumu, maana chakula kilichopooza ni adhabu, na adhabu haidumu pale ambapo mwenye kuadhibiwa ndiye mwenye kushika mwiko. Msaada wake umo jikoni mwake tangu zama za mabibi zake, katika tangawizi, kitunguu saumu, bizari, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Na katika faida zote zinazosimuliwa juu ya viungo hivi, naiona hii ya kumwachisha mtu chumvi kuwa ndiyo kubwa kupita zote, ingawa ndiyo isiyotajwa sana na wauzao unga wa chupa kwa jina la dawa.

Jambo lenyewe si dogo. Uchunguzi uliofanywa Ilala, jijini humu humu, na wilayani Hai, Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, ulikuta kwamba watu wazima kiasi cha 30 katika kila 100 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na miongoni mwao waliojijua hawakutimia hata mmoja katika watano. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa chumvi kwa mtu mzima kuwa chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, nacho kihesabiwe pamoja na chumvi iliyojificha ndani ya mkate, samaki wa ng'onda na vile vidonge vya mchuzi vya dukani, ambavyo karibu nusu ya uzito wake ni chumvi tupu. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, walitangaza jaribio ambalo ndani yake watu waliofundishwa kwa wiki 20 kupika kwa viungo na majani ya kunukia walikula sodiamu pungufu kwa miligramu 957 hivi kila siku kuliko wenzao walioachwa wajiongoze wenyewe. Na hizo ni sawa na gramu 2.4 za chumvi, karibu nusu ya kipimo chote cha siku.

Nilimtazama mama lishe mmoja, jirani na Barabara ya Mwai Kibaki, akianza pilau ya mchana. Alitwanga kitunguu saumu na tangawizi katika kinu kidogo cha mti, akaviweka kando wakati akikaanga vitunguu maji hata vikageuka rangi ya kahawia. Ndipo akatia mdalasini, iliki zilizopasuliwa, bizari nyembamba na pilipili manga katika mafuta yale ya moto, vikalia kidogo na harufu ikatanda mpaka ng'ambo ya barabara, kisha vikafuata vile vilivyotwangwa, na nyama. Chumvi ilikuja mwisho, kwa ncha za vidole, baada ya kuonja mchuzi kiganjani.

Kila hatua ya mama huyu ina sababu yake katika elimu ya kemia. Kitunguu saumu kizima hakina alisini, ile dawa yenye harufu kali. Alisini huzaliwa pale punje inapopondwa na kimeng'enya chake kikakutana na kitu kingine kilichokuwa kimetengwa nacho, na kwa kuwa moto hukiua kimeng'enya hicho upesi, kukiacha kitunguu dakika kama 10 baada ya kukitwanga ni hekima. Mafuta nayo hubeba manukato ya viungo, ambayo mengi huyeyuka humo kuliko majini, na ndiyo maana bizari iliyokaangwa kidogo hukolea kuliko ile iliyonyunyizwa juu ya maji. Kurkumini nayo, kiini cha bizari ya manjano, ikiliwa peke yake hupita tumboni karibu yote bila kuingia mwilini. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, walionyesha kwamba ikifuatana na piperini ya pilipili manga, uingiaji wake katika damu huongezeka kiasi cha mara 20. Wapishi wa pwani, waungao mchuzi kwa manjano, pilipili manga na tui la nazi katika chungu kimoja, hawakungojea habari hizo ziwafikie.

Hata hivyo, mizani ishikwe kwa haki. Jaribio la Bangalore lilitumia gramu 2 za kurkumini safi, ilhali kijiko kizima cha chai cha manjano hutoa kama sehemu moja ya kumi tu ya gramu, kwa hiyo asemaye kwamba mchuzi wa manjano huponya saratani anawadhulumu wagonjwa. Tangawizi ina ushahidi mzuri katika kutuliza kichefuchefu cha waja wazito, na yujenoli ya karafuu hutumiwa na madaktari wa meno mpaka leo. Mdalasini kwa kisukari, matokeo yanapingana. Fauka ya hayo, ule wa gome nene na gumu una kumarini, ambayo kwa wingi hudhuru ini, basi kuulamba kwa vijiko kila asubuhi ni hatari isiyo na dharura. Na atumiaye warfarini ya kuzuia damu isigande asinywe vidonge vya kitunguu saumu kabla ya kumwuliza daktari wake.

Katika kununua, naomba msomaji achague viungo vizima, viwe iliki za Usambara au karafuu za Matombo, atwange mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi manjano yalivyokuwa yaking'arishwa nchini Bangladesh kwa kromati ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Serikali ya huko ilipowabana wafanyabiashara, mwaka 2021 rangi hiyo ilikuwa imetoweka sokoni. Rangi ya namna hiyo katika unga haionekani kwa macho, bali katika mzizi mkavu, ukiuvunja, utaona kama rangi ya ndani ni sawa na ya nje au la. Pilipili na tangawizi zilizokaushwa vibaya huota ukungu uletao sumukuvu, basi zenye harufu ya uvundo zitupwe. Karafuu njema, ukiiminya kwa ukucha, hutoa mafuta.

Chumvi ipunguzwe kidogo kidogo, kwa maana ulimi huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Viungo vitangulie chunguni, chumvi ifuate baada ya kuonja, na kikopo kisiwekwe mezani. Naye aliyekwisha kuandikiwa vidonge vya shinikizo asiviache kwa ajili ya pilau nzuri, bali arudi akapimwe, ili daktari ndiye aamue kama dozi ibaki ama ishuke.