Xunhua: Bonde la Wasalar na Mzozo wa Dhikri

Wasomaji wetu wengi wakisikia habari za Waislamu wa China, fikra zao huenda kwa Wauighur wa Kashgar. Ni haki yao kukumbukwa. Lakini ziko jamii nyingine ndogo, na hapa tunapenda kuitazama moja: Wasalar wa wilaya ya Xunhua, jimbo la Qinghai, kaskazini-magharibi ya China.

Xunhua ni bonde. Mto Manjano, yaani Huang He, unapita baina ya milima mikavu, na kandokando yake, mita 1,800 na ushei juu ya bahari, ndiko yaliko mashamba, vijiji na misikiti. Wasalar wanakaa chini karibu na maji. Juu milimani wako Watibeti na mifugo yao. Panchen Lama wa 10, mmoja wa viongozi wakubwa wa dini ya Kibudha ya Watibeti, alizaliwa katika wilaya hii hii mwaka 1938. Yasimuliwa kwamba Wasalar wa mwanzo walioa wanawake wa Kitibeti, na majirani hawa wameuziana na kununuliana kwa karne nyingi.

Ama asili yao, ni Waturuki. Mahmud al-Kashgari, katika kamusi yake Diwan Lughat at-Turk ya karne ya 11 miladia, anawataja Salghur miongoni mwa makabila ya Oghuz, na lugha ya Kisalar mpaka leo ni jamaa ya Kiturkmeni. Wenyewe husimulia kuwa ndugu wawili, Qaraman na Ahman, walihama Samarkand na ngamia mweupe aliyebeba msahafu, udongo na maji ya kwao. Ngamia akapotea usiku, wakamkuta amegeuka jiwe penye chemchemi, na udongo na maji ya hapo yakalingana na yale waliyoyachukua. Hiyo ni hadithi ya wazee, hatuifanyi hoja. Lakini chemchemi ipo katika mji mdogo wa Jiezi, na msahafu wa kale ulioandikwa kwa mkono, juzuu 30, umehifadhiwa msikitini hapo. Wataalamu wanahitilafiana juu ya umri wake. Lililo wazi ni kwamba kufikia mwaka 1370 walikuwa wameshakita mizizi, maana mwaka huo kiongozi wao Han Bao aliutii utawala wa Ming.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi watu wa fiqhi lilitokea karne ya 18. Mwanachuoni Ma Laichi, aliyesoma Uarabuni, alieneza tarika ya Naqshbandiyya kwa dhikri ya siri, na wafuasi wake wakaitwa Khufiyya. Baadaye Ma Mingxin, aliyesoma Yemen, alirudi mwaka 1761 na dhikri ya sauti. Wake wakaitwa Jahriyya. Tazameni: tarika ni moja! Tena dhikri ilikuwa mlango tu. Ma Mingxin alipinga pia uongozi wa tarika kurithiwa na watoto, na sadaka za waumini kulimbikizwa katika nyumba moja. Hapo ndipo palipouma.

Badala ya kukaa na wanavyuoni wao, pande mbili zilipelekana mbele ya maofisa wa dola ya Qing. Kwa rai yetu, hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko kosa lolote la dhikri. Qadhi asiyejua tofauti ya jahr na khafiy atahukumu kwa kipimo kimoja tu, nacho ni nani anayetishia amani ya mfalme. Mwaka 1781 watu wa Jahriyya wa Xunhua, wakiongozwa na Su Sishisan, waliwaua maofisa waliotumwa kuzima fujo, kisha wakaiendea Lanzhou kumtaka sheikh wao aliyekuwa kizuizini. Ma Mingxin akauawa, wao wakazingirwa na kumalizwa kiangazi hicho, na mafundisho yao yakapigwa marufuku.

Riziki ya bonde ni ngano, jozi, pilipili hoho ndefu nyembamba na ile pilipili yenye kufanya ulimi ufe ganzi. Tangu mwaka 2004 bwawa la Gongboxia, mpakani mwa Xunhua na Hualong, linazalisha umeme, megawati 1,500. Lakini ardhi ni haba, hivyo vijana wengi wameondoka na kufungua mikahawa ya tambi za kuvuta kwa mkono katika miji mikubwa ya pwani. Fedha za tambi zimejenga nyumba nyingi kijijini.

Mwaka 2019 mikahawa ya namna hiyo mjini Beijing iliamriwa kuondoa maandishi ya Kiarabu kwenye vibao vyake. Mwaka 2021, huko Xining, makao makuu ya Qinghai, kuba za Msikiti wa Dongguan zilishushwa. Mikahawa haikufungwa, nyama ni ile ile ya kuchinjwa kisheria. Mpita njia Mwislamu sasa hulazimika kuuliza.