«Uliitosha wapi?»



Mama mmoja wa kanisa letu, katika kampi ya wachimbaji, alirudi toka hospitali na habari nzito: kanseri ya mlango wa kizazi. Munganga alimwelezea kama inaletwa na virusi vinavyopita katika tendo la ndoa. Bwana yake hakumuuliza kama ana maumivu. Alimuuliza neno moja tu: «Uliitosha wapi?» Wamama wa korali wakaanza kumwepuka. Na mimi, mchungaji wao, nilinyamaza, kwani niliwaza sawa na wao.

Nilikosa. Ndiyo sababu ninakuandikia leo.

Virusi hivi vinaitwa HPV. Viko vya namna zaidi ya 200, na nyingi hazileti hatari kubwa. Namna mbili, ya 16 na ya 18, zilizovumbuliwa Ujeremani mwaka 1983 na 1984, ndizo zinaleta karibu kanseri 7 kati ya 10 za mlango wa kizazi.

Ni watu wangapi wako navyo?

Uchunguzi mmoja mkubwa ulitangazwa mwaka 2010. Ulihusu wanawake zaidi ya milioni 1 wa inchi mbalimbali, wasio na alama ya kanseri. Kati ya wanawake 100, karibu 12 walikuwa na virusi siku ile ya kupimwa. Katika Afrika kusini mwa Sahara walikuwa 24. Ulaya ya mashariki 21. Amerika ya kaskazini karibu 5. Na wababa je? Hesabu ya mwaka 2023 inaonyesha kama karibu mwanaume 1 kati ya 3 wa dunia yuko navyo, bila kusikia kitu chochote mwilini.

Unaona, ndugu? Hakuna kabila wala taifa lisilo navyo. Kati ya watu 10 wanaoambukizwa, mwili wa karibu 9 unavifukuza wenyewe katika miaka miwili. Kwa wachache vinabaki, na kanseri inaweza kuja kisha miaka 15 ao 20. Mama aliyejua bwana mmoja tu anaweza kuugua. Basi ugonjwa wa leo hauwezi kukuambia nani alileta, wala siku gani.

Vijana, sisemi kama uaminifu ni bure. Kujilinda kunapunguza hatari sana, na ni amri ya Mungu. Lakini ugonjwa si hati ya mashitaki.

Tofauti kubwa iko wapi?

Iko katika vifo. Mwaka 2022 kanseri hii iliua wanawake karibu 350 000, na 94 kati ya 100 walikuwa wa inchi za mapato madogo na ya katikati. Si kwa kuwa sisi ni wenye zambi kuliko wengine. Tunapimwa kwa kuchelewa, ao hatupimwi kamwe.

Jirani zetu wa Zambia walianza mwaka 2006 kupima wamama kwa siki, ile vinegre ya jikoni: mahali pabaya panageuka peupe, na mara nyingi wanapatunza siku ileile. Rwanda ilianza kuchanja mabinti mwaka 2011. Tangu mwisho wa 2022, shirika la afya la dunia linakubali sindano moja kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14.

Mama wa miaka 30 na zaidi, uliza kipimo hiki kwenye kituo cha afya. Mwenye virusi vya SIDA aanze kwa miaka 25. Ukiona damu kisha tendo la ndoa, ao kisha kukoma hedhi, usingoje.

Soma Marko 5. Mwanamke alitokwa damu miaka 12. Yesu hakumuuliza aliitosha wapi. Alimwita binti yake.

Mama yule wa korali alilala katika Bwana mwaka uliofuata. Sikumuomba musamaha. Wewe ungali na wakati.

Maulizo ya jamaa: Nani kwetu hajapimwa? Nani tumemhukumu?