Mwili Unawaka: Ni Malaria au Ni Joto?

Kama umeshuka Bujumbura kutoka Bukavu au Minembwe, jua kwamba mwili wako bado uko mlimani. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huku kando ya Ziwa Tanganyika hatufiki mita 800. Mwezi wa 8 na wa 9, kabla ya mvua, joto la hapa linafika nyuzi 30 na zaidi kivulini. Lakini wewe huishi kivulini. Mwaka 2025 watu wengi walivuka Rusizi wakajazana katika uwanja wa Rugombo, na maisha yao ya Burundi yakaanza chini ya shitingi. Wengine tuko mtaani, chini ya mabati. Saa nane mchana humo ndani ni moto kuliko nje.

Mwili mgeni unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Siku hizo usibebe magunia soko la Kwa Siyoni jua likiwa utosini. Fanya kazi nzito asubuhi.

Tunachokutana nacho mara nyingi nyumba kwa nyumba ni hiki: mtoto anawaka moto, mama anamfunika blanketi mbili ili atoe jasho, anampa parasetamo, anangoja kesho. Hatumlaumu. Burundi ilitangaza mlipuko mkubwa wa malaria mwezi wa 3 mwaka 2017, na kila homa tunaiita malaria. Lakini mwili unaweza kuwaka kwa sababu ya joto la nje tu, na hapo blanketi linaua. Parasetamo nayo haishushi moto wa aina hiyo.

Kwa mkono huwezi kutofautisha, hata sisi hatuwezi. Kwa hiyo poza kwanza, halafu kapime damu.

Mtu aliyechoka na joto hutoka jasho jingi, kichwa kinamuuma, anaona kizunguzungu, anataka kutapika, misuli inakaza. Mlaze penye hewa, mlegeze nguo, mpe maji kidogo kidogo. Kama hakuna ORS, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha, si vya mlima. Bia haihesabiwi kama maji, akina baba. Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe titi tu, mara nyingi zaidi.

Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, akianguka, au akipata degedege, hiyo ni hatari ya kifo, awe na jasho au hana. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, weka vitambaa vyenye maji shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Usimnyweshe kitu kama hajitambui. Mwenzako atafute usafiri wa kituo cha afya huku wewe unaendelea kumwagia maji, hata njiani. Huko waombe wampime na malaria pia.

Kuhusu nyumba: mchana upepo unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka milimani. Fungua pande zote mbili ili upite. Ukipata shitingi ya pili, itandaze juu ya ile ya kwanza na uache nafasi kati yao. Zikigusana hazisaidii sana. Jiko la makaa likae nje. Mzee anayeishi peke yake apitiwe na jirani mchana, maana wazee wengi hawasikii kiu mapema.

Maji ya ziwa usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatia dawa. Kipindupindu kilitangazwa hapa Bujumbura mwezi wa 1 mwaka 2023. Na jioni usipeleke watoto kuoga ufukweni, hasa upande wa mdomo wa Rusizi: ndiyo saa ya viboko kutoka majini, na mamba wapo. Bido moja la maji nyuma ya nyumba linatosha.